Makumbusho ya mtandaoni yaanze na neno

Vitu vingi vya mababu zetu viko Tervuren karibu na Brussels, na vingine viko New York. Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki ya Congo kuanzia 1909 mpaka 1915, nao wakaipelekea American Museum of Natural History maelfu ya vitu vya Wamangbetu, Wazande na majirani zao. Mwanafunzi wa Kisangani hana nauli wala viza ya kwenda kuvitazama. Kwake yeye makumbusho ni simu, na tiketi ya kuingilia ni mega alizonunua asubuhi.

Kwa hiyo, makumbusho yakisema yanatengeneza upya mkusanyiko wake wa mtandaoni ili utumike kwa urahisi, tuna haki ya kuuliza: urahisi kwa nani? Wabunifu hutangulia na rangi, picha kubwa na kurasa za kupendeza. Picha nyepesi zinazofunguka kwa mtandao wetu dhaifu zingetufaa zaidi. Lakini naona kazi yenyewe inaanzia kwenye neno la kutafutia.

Chukua ngoma ya gogo ya Walokele, ile ambayo wengi hapa tunaiita lokole. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, alieleza katika kitabu chake cha 1949 jinsi inavyosema kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, ikifuata toni za lugha yenyewe. Bila Kilokele, ngoma hiyo ni gogo lililochimbwa tu. Ikiandikwa katika katalogi kama "ngoma yenye ufa" kwa Kifaransa au Kiingereza, kijana wa Isangi atakayeandika "lokole" ataambiwa hakuna kitu. Kitu kipo, jina lake ndilo halipo.

Majina ya watu nayo yana shida hiyo hiyo. Lega, Balega, Warega: sisi tuliosoma ngeli tunaona mara moja kwamba ni watu wale wale, viambishi tu vimebadilika na sikio la mwandishi likakosea kidogo. Mashine haioni hivyo mpaka ifundishwe. Mahali pia: anayetafuta Kisangani hatapata kilichoandikwa Stanleyville, na anayetafuta Ubundu hatapata cha Ponthierville, kama majina hayo hayakuunganishwa.

Kuna watakaosema: turudishiwe vitu kwanza, habari za tovuti baadaye. Nawaelewa. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu 84,000 hivi. Juni mwaka huo mfalme Philippe akaleta Kinshasa kinyago kimoja cha Wasuku, Kakuungu, tena kwa mkopo. Lakini mwenye kudai mali lazima aitambue. Orodha ambayo wenye vitu hawawezi kuisoma wala kutafuta ndani yake inawaacha wakidai gizani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wambole wana sanamu zinazoitwa ofika, zilizotumika katika chama cha lilwa kuwafundisha vijana adhabu ya kuvunja sheria. Hazikuchongwa ili kila mtu azitazame wakati wowote. Je, kurahisisha kuziona ni kuziheshimu? Sina jibu la kutoa badala ya wazee wa Opala. Najua tu kwamba mbunifu aliyeko Ulaya hawezi kulitoa peke yake. Pengine vitu vingine vifunguliwe kwa maelezo kwanza, picha baadaye, au visionyeshwe kabisa. Huo nao ni utumiaji mwema.

Kazi hii haihitaji tungoje wafadhili. Kitivo chetu kina wanafunzi wanaosema Kilokele, Kimbole, Kitopoke na Kilega nyumbani. Kila mmoja akikusanya kwa wazee majina ya vyombo, ngoma, silaha na mapambo, akaandika toni, wingi na umoja, na jina la zamani la kijiji, tutakuwa na kamusi ambayo makumbusho yoyote yatalazimika kuihitaji. Nawaomba walimu wetu wakubali orodha kama hizo ziwe kazi za kumaliza masomo. Wazee wanaojua majina hayo hawatatungoja, na wakienda nayo, hata kitu kikirudi Kisangani kesho, tutakipokea bila kujua kukiita.