Tochi ya Nyumbani, Siyo ya Kutishia Majirani

Mwezi huu mniwie radhi, sina stori ya fumanizi wala ya michango ya harusi. Nataka tuongelee tochi. Ndiyo, tochi! Kabla hujafungua ukurasa mwingine, jiulize: umeme ukikatika sasa hivi, mwenzako yuko bafuni na simu yako imebaki na chaji asilimia 6, utashika nini mkononi?

Najua wengi jibu lenu ni hiyohiyo simu. Sikatai, inasaidia kutafuta funguo. Lakini kale kataa ka simu hakafiki mbali, na kanakula betri ileile utakayoihitaji kumpigia dereva wa bajaji usiku wa manane. Hapo ndipo penyewe. Wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa 2023, mtoto wetu alipandwa na homa saa nane usiku. Shemeji yenu kambeba mtoto, mimi nahangaika kusoma alama za mililita kwenye kikombe cha dawa, na simu zote mbili ziko hoi kwa sababu umeme haukuwepo tangu mchana. Tulipimia dawa kwa katochi ka betri moja ninakotembea nako kwenye pochi. Tangu siku ile nimekuwa msumbufu sana kwenye maduka ya tochi.

Kitu cha kwanza watakachokuuzia ni namba. Boksi limeandikwa lumeni 100,000, na tochi yenyewe inaingia mfukoni! Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka, na kwa maisha yetu haya huhitaji nyingi. Lumeni 5 hadi 10 zinakupeleka chooni bila kumwamsha mwenzako. Lumeni 100 au 200 ukizielekeza kwenye dari jeupe, chumba chote kinaonekana na mnaweza hata kula. Kwa uani na getini, 300 hadi 500 zinatosha kabisa. Tochi ndogo ya LED ikiwashwa kwa nguvu kubwa hupata moto, na iliyotengenezwa vizuri hujipunguza yenyewe baada ya dakika chache. Kwa hiyo usiulize tu inafika lumeni ngapi, uliza inakaa saa ngapi kwenye mwanga wa kati. Na hata hizo saa zisome kwa akili, maana kipimo ambacho watengenezaji wengi hufuata, ANSI FL1, huendelea kuhesabu mpaka mwanga ushuke na kubaki asilimia 10. Masaa ya mwisho yanaweza kuwa ya kuonea vidole tu.

Betri ndiyo roho ya tochi, na hapa ndipo watu tunalia. Zile tochi za bei poa zenye pini za kuchomeka ukutani, nyingi zina betri ya asidi ndani, ya jamii moja na ya gari. Betri hiyo haipendi kabisa kukaa bila chaji. Ukiisahau kabatini miezi mitatu minne, siku ya shida unashika kipande cha plastiki. Halafu, jamani, msizifungue zikiwa zimechomekwa ukutani, kwani baadhi yake umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani. Utakufa kwa ajili ya tochi?

Tochi za kisasa nyingi hutumia betri ya lithiamu iitwayo 18650, yaani unene milimita 18 na urefu 65. Za watengenezaji wanaoaminika nyingi huishia karibu mAh 3,500. Ukiona ya saizi hiyo imeandikwa 9,900, rudisha tu kwa muuzaji, umwambie asante. Ikivimba au ikichubuka ganda, usiichaji tena. Mimi kwa nyumba yenye watu wengi napendelea tochi ya betri ndogo za AA, kwa sababu hata duka la mtaani saa tatu usiku utazipata. Ila kama tochi inakaa muda mrefu bila kutumika, zitoe hizo betri kavu, maana zikivuja zinakula vyuma vya ndani.

Rangi ya mwanga nayo msiidharau. Mweupe wa kibluu unaonekana mkali dukani, lakini ukimulika waya wa kahawia na mweusi unaweza kuwachanganya. Tafuta iliyoandikwa CRI 90 au zaidi kama mfuko unaruhusu, utaona rangi ya ngozi ya mtoto kama ilivyo. Kwa wanaokaa kwetu huku ambako masika hugeuza barabara kuwa mto, IPX4 huvumilia kurushiwa maji, na IPX7 huvumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Ukiwa dukani iombe iwashwe. Imulike ukutani, itikise, iache dakika tano halafu uishike. Ikizimazima ukiitikisa, iache hapohapo. Fungua kifuniko cha nyuma uangalie kama kuna kampira ka duara ka kuzuia maji. Kisha mpe mwenzako aiwashe bila kumfundisha. Hii kwangu ndiyo interview yenyewe! Tochi inayotaka ubonyeze mara tatu, ushikilie, halafu ipite kwenye ile taa ya kuwakawaka kama disko ndipo upate mwanga, hiyo ni ya mwanaume mmoja na YouTube yake. Ya familia lazima mama mkwe aliyekuja kutembea na dada wa kazi waiwashe gizani, tena mkono mmoja ukiwa na mtoto.

Mkishanunua, kubalianeni inakaa wapi, na ikae hapohapo hata kama mmenuniana. Kwetu inaning'inia kwa kamba kwenye msumari pembeni ya mlango wa chumbani, kimo cha mkono, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunaichaji. Shemeji yenu amesisitiza niandike kwamba msumari aliupiga yeye.