Mtoto wa muoka mikate na mawimbi ya mbinguni



Katika familia nyingi za Arusha, kuanzia Ngarenaro hadi Usa River, mazungumzo ni yale yale kila mtoto anapokaribia kuchagua tahasusi ya kidato cha tano. Kijana anasema anataka fizikia. Mzazi anauliza fizikia itamlisha nini. Swali hilo halina dharau ndani yake, kwa kuwa ada ni nzito na ajira ni chache. Juma hili tutalijibu kwa njia ndefu kidogo, kwa kupitia kisa cha kijana mmoja wa Misri.

Ali ibn Ridwan alizaliwa Giza mwaka 988 Miladia, baba yake akiwa muoka mikate asiye na mali. Mwaka 396 Hijria, sawa na 1006 Miladia, akiwa na umri wa miaka 18 hivi, yaani rika la wanafunzi wetu wa sekondari, aliona nyota ngeni upande wa kusini. Baadaye alipokuwa tabibu mashuhuri wa Cairo, aliieleza katika sherehe yake ya kitabu cha Ptolemy. Alisema ilionekana kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu hadi tatu, na kwamba mwanga wake ulizidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Akataja pia mahali palipokuwa jua, mwezi na sayari wakati huo. Kitabu alichokisherehesha kilikuwa cha unajimu, na bashiri zilizofungamanishwa na nyota ile zimekwisha kusahauliwa. Vipimo vyake, pamoja na vile vya watazamaji wa China na Japani, vinatumika mpaka leo.

Wanafalaki wa zama zetu wameyapata mabaki ya nyota hiyo, umbali wa takriban miaka ya nuru 7,000 kutoka kwetu. Ilikuwa nyota iliyolipuka, na vumbi na gesi yake vingali vinatanuka. Mbele ya gesi hiyo linakwenda wimbi la mshtuko.

Wimbi la mshtuko ni nini? Mvua kubwa inaponyesha juu ya Meru, maji huteremka ghafla katika makorongo yaliyokuwa makavu. Mbele ya maji pana ukuta: huku pakavu, huku mafuriko, na baina yake ni hatua chache tu. Aliyesimama chini korongoni hapati habari ya taratibu. Habari na maji vinamfikia pamoja. Ndivyo ilivyo katika gesi. Sauti ndiyo inayopeleka habari ndani ya gesi, na kitu kikienda kwa kasi kuliko sauti, hakuna onyo linalotangulia. Gesi iliyo mbele husongwa na kuchemka kwa ghafla.

Wimbi hilo lina kazi nyingine. Mtoto akipiga mpira kwenye ukuta uliotulia, mpira haurudi kwa kasi kuliko alivyoupiga. Ukuta ukiwa unamjia, mpira hurudi kwa kasi zaidi. Ziwepo kuta mbili zinazosogeleana, mpira ukiruka baina yake utaongezewa kasi kwa kila pigo. Pande mbili za wimbi la mshtuko hufanya kazi kama kuta hizo, na nguvu za sumaku zilizomo katika gesi ndizo zinazorudisha chembe huku na huku, mpaka chembe nyingine hukaribia kasi ya nuru. Msingi wa fikra hii uliwekwa na Enrico Fermi mwaka 1949, na wataalamu kadhaa wakaikamilisha kwa mawimbi ya mshtuko mwaka 1977 na 1978. Ushahidi ulipopatikana, mwaka 1995, ulitoka katika nyota ile ile ya Ibn Ridwan: setilaiti ya Kijapani ASCA iliona kwenye kingo za mabaki yake mionzi ya eksirei inayotolewa na elektroni zenye kasi hiyo. Mwaka 2010 darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia zikathibitisha kwa mionzi ya gama.

Huo ni mlipuko wa nyota moja. Yapo makundi yenye mamia na maelfu ya galaksi, na baina ya galaksi hizo imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Makundi mawili yakigongana, mawimbi ya mshtuko hupita ndani ya gesi hiyo. Mwaka 2010 ilitangazwa picha ya wimbi la namna hiyo lenye urefu wa miaka ya nuru ipatayo milioni 6. Kasi yake inazidi kilomita 2,000 kwa sekunde, yaani kutoka Arusha hadi Dar es Salaam kwa chini ya nusu sekunde.

Hapa pana fumbo. Mawimbi ya makundi ya galaksi ni dhaifu: kasi yake kwa kawaida ni mara mbili au tatu tu ya kasi ya sauti katika gesi ile, ilhali mwanga wake wa redio ni mkali kuliko hesabu zinavyotarajia. Mwaka 2017 utafiti ulionyesha, katika makundi ya Abell 3411 na 3412, kwamba wimbi lilizikuta elektroni zilizokwisha kurushwa zamani na shimo jeusi, likaziongezea kasi upya. Je, ndivyo ilivyo kila mahali? Bado haijulikani. Darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye madishi 64, imechunguza makundi 115 ya galaksi, na matokeo yake yamewekwa wazi kwa yeyote, hata mwanafunzi wa Arusha.

Chembe hizi zinatufikia hata sisi, ingawa nyingi hudhaniwa kutoka katika nyota zilizolipuka ndani ya galaksi yetu. Mwaka 1912 Victor Hess alipanda kwa puto zaidi ya mita 5,000, juu kuliko kilele cha Meru chenye mita 4,562, akakuta mionzi inazidi kadiri anavyopaa. Mionzi hiyo ikipiga mawe, huacha ndani yake klorini-36 kidogo kidogo. Kwa kuipima, watafiti walikadiria mwaka 2000 umri wa mawe yaliyoachwa na barafu ya kale juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya.

Basi, mzazi mwenzangu, fizikia itamlisha nini mtoto? Mshahara hakuna awezaye kuuahidi. Lakini muoka mikate wa Giza naye hakuahidiwa kitu, na mwanawe akawa tabibu mkuu, na alichokiona kwa macho matupu kinasomwa baada ya miaka elfu moja kwa sababu alikipima na kukiandika.

Mwezi Juni, usiku usio na mawingu, baada ya Isha, tokeni nje na watoto. Kwa mkazi wa mjini Arusha, kibla kiko upande wa mlima. Upeni mgongo mlima, mtazame kusini, magharibi kidogo ya nyota za Nge. Hapo ndipo ilipowaka nyota ile. Mpeni mtoto daftari, aandike tarehe, saa, na alichokiona.

Wabillahi tawfiq.