Simu ya kazi ilale kituoni, si mfukoni mwa mkubwa

KABONGO – Mama alifikishwa kituoni usiku, amekalishwa nyuma ya kinga. Uchungu ulimshika tangu asubuhi na mtoto hateremki. Mwuguzi wa zamu akachukua simu ya kazi ili aite hospitali kubwa. Sauti ya mashine ikamjibu: yunite hazitoshi. Na zilitiwa juzi tu! Sisi tuliomsindikiza yule mama tukatoa simu zetu, ya mmoja ikawa na franga kidogo, tukaita. Mama na mtoto wako hai, Mungu asifiwe. Lakini bahati si mpango wa kazi.

Jina la kituo sitalitaja. Kesho yake niliuliza yunite zilikwenda wapi. Mmoja aliita shemeji yake wa Lubumbashi, "dakika moja tu". Mwingine aliona bip ya numero ya inchi ya mbali, akapiga kujua ni nani. Kumbe ni mtego: wezi wanabipa ili wewe uwapigie, na dakika moja ya huko inakausha kadi.

Dawa iliyochukuliwa ni ipi? Mkubwa aliichukua simu, akaitia mfukoni mwake. Sasa simu inalala kwake, wagonjwa wanalala kituoni. Huko si kulinda mali ya watu, ni kuihamisha. Nasema wazi: anayeficha simu amekosea sawa na anayemaliza yunite. Kinachopaswa kufungwa ni numero, si simu.

Na kufuli lipo, hata kwenye simu ndogo nyingi za vibonye. Ingia kwenye mipangilio ya usalama, tafuta orodha ya numero zinazoruhusiwa. Andika humo hospitali, daktari, dereva, wenye moto, mkubwa wa eneo la afya, na kodi ya kuangalia salio. Kisha washa kufuli kwa PIN2, ambayo si ile PIN ya kufungulia simu. Tangu hapo, numero isiyo kwenye orodha haitoki: si ya shemeji, si ya yule mwizi wa mbali. Wanaotupigia sisi, simu zao zinaingia kama kawaida. Angalieni tu: ukikosea PIN2 mara tatu inajifunga, na itabidi mtafute PUK2 kwa wenye mtandao. Basi jaribuni kila numero mchana, msingoje usiku wa hatari.

Najua watakaopinga. "Je, ikihitajika numero mpya?" Iongezwe, na iandikwe kwenye daftari. "Nani atashika PIN2?" Watu wawili: mkubwa wa kituo na mmoja wa komite ya afya, CODESA. Na orodha ibandikwe ukutani, kila mtu aione. Numero ya nyumbani kwa mkubwa isiwemo. Hapo ndipo tutajua kama alitaka kulinda yunite au kulinda ukubwa wake.

Tukumbuke RAM. Kuanzia 2020 yunite zetu zilikatwa kwa ajili ya ile taksi ya simu, tukapiga kelele inchi nzima, hata bungeni, mpaka ikaondolewa 2022. Tulisema: ni wizi kukata yunite za mtu bila kumuuliza. Neno lilikuwa la kweli. Basi mbona tunakata yunite za mama anayezaa, na hakuna anayepiga kelele?

Komite za afya za Kabongo, mwezi huu kaeni na wauguzi wenu, muandike orodha. Haiombi msaada kutoka Kamina wala Kinshasa. Inaomba saa moja, karatasi moja, na mkubwa anayekubali kufungwa na kufuli lilelile linalofunga wengine.