Na mdogo wake je?



Mwezi huu tunagusa jambo ambalo katika familia zetu, kuanzia milima ya Litembo hadi ufukoni Mbamba Bay, hunong'onwa tu. Mtoto mmoja anasema kwamba, ingawa alizaliwa mvulana, moyoni anajiona msichana, au kinyume chake. Nyumba nzima inamgeukia yeye, wengine kwa machozi, wengine kwa fimbo. Anasahauliwa mdogo wake, ambaye usiku anajiuliza: "Je, na mimi niko hivyo?"

Sisi wauguzi tunasema kwamba swali hilo si ugonjwa wala utovu wa adabu. Kijana anayebalehe hujiuliza mambo mengi juu ya mwili wake. Akisikia jambo hili kwa ndugu yake, atajipima nalo, kama anavyojaribu shati la kaka yake. Wengi huona haliwaenei. Na msichana anayependa kupiga makasia au mvulana anayependa kupika hawajabadilika jinsia kwa sababu hiyo.

Je, hali hii iko katika damu? Mwaka 2012 wataalamu walikusanya habari za mapacha zilizokwisha kuandikwa. Kati ya jozi 23 za mapacha wa kufanana, ni jozi 9 tu ambamo wote wawili walikuwa na hali hii. Kati ya jozi 21 za wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Idadi ni ndogo, lakini yaonyesha kwamba huenda urithi unachangia, ila ndugu hafuati lazima.

Wapo wasemao haya ni mambo ya Ulaya. Lakini Audrey Mbugua ni Mkenya, aliyezaliwa na kusomeshwa kama mvulana. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru apewe cheti cha mitihani chenye jina lake jipya. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake inayotumika tangu 2022, limeiondoa hali hii kati ya magonjwa ya akili.

Tusichanganye hali hii na ile ya mtoto ambaye tangu kuzaliwa viungo vyake vya uzazi havionyeshi wazi ni wa kiume au wa kike. Chanzo kimojawapo ni kasoro ya kurithi ya tezi zilizo juu ya figo. Wazazi wakishapata mtoto mmoja wa namna hiyo, kila mimba inayofuata ina nafasi moja kati ya nne. Baadhi ya watoto hao hupoteza chumvi mwilini na kufa katika wiki za kwanza. Mwambieni mkunga mapema, mdogo wake apimwe.

Juu ya mafundisho ya Kanisa, paroko atawaeleza. Kwa upande wa afya, maoni yetu ni haya: mzazi asimwambie mdogo "na wewe ndiyo hivyohivyo," wala asimtishe akanyamaza. Asimfanye mpelelezi wa ndugu yake. Amsikilize, ampe muda. Asiruhusu dawa za homoni za kununua dukani bila daktari. Kipigo hakijibu swali, humfundisha tu mtoto kulificha.

Kijana akiacha kula, akijitenga, au akitaja kufa, mleteni hospitali siku hiyohiyo. Atakayotuambia ni siri yake.