Pesa ya migodi irudi pia kwa pori na mito ya Mutshatsha

Bandugu vijana wa Kolwezi na Mutshatsha,

Mvua ikichelewa, shamba linakauka. Ikija yote mara moja, inabeba udongo. Bakubwa wanatuambia pesa ya kujikinga hakuna. Si kweli! Kamoa-Kakula, iliyoanza kutoa shaba mwezi wa 5 mwaka 2021, iko katika teritware ya Mutshatsha. Na Kodi ya Madini ya 2018 inasema wazi: kwa kila redevansi ya mgodi, 25% ni ya jimbo, 15% ni ya sekta, sheferi na miji. Tena kila kampuni ya madini inatoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii jirani.

Shule na vituo vya afya tunavitaka, hatukatai. Lakini nani anapanga pesa ya pori? Pori la miombo ndilo linashika maji na udongo wetu. Likiisha, udongo unateremka mpaka Lualaba, na Lualaba ndiyo inazungusha mashine za umeme za Nzilo.

Hatumlaumu mama anayeuza makala wakati umeme haumfikii. Tunalaumu mpango usiokuwepo. Kisiki cha miombo kinachipuka chenyewe, bila kununua mche hata mmoja, kama moto mkali wa Agosti na Septemba haukipitii. Kuchoma majani mapema, Mei au Juni, yakiwa bado na maji, kunapunguza moto ule. Ni kazi ambayo vijana wa kijiji wanaweza kufanya na kulipwa.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila sekta iandike katika mpango wake wa maendeleo na bajeti yake mstari wa pori, moto na kandokando ya mito, na ibandike hesabu kwenye ukuta wa ofisi.
2. Baraza la jimbo, katika kikao cha bajeti cha Septemba, lisipitishe bajeti isiyo na mstari huo.
3. Jimbo lisaidie vijiji kupata misitu ya jamii. Dekreti ya 2014 inaruhusu mpaka hekta 50,000 kwa jamii moja.

Ndugu, nenda kwa ofisi ya sekta yenu wiki hii. Uliza kwa heshima: bajeti iko wapi, na pori liko mstari gani? Wakikosa jibu, rudi na wenzako kumi.

Shaba itaisha siku moja. Maji yasiishe mbele yake.