Rambirambi ziende kwa walio hai

Kwetu Kasulu msiba ni wa wote: majirani huja na mahindi, maharage, kuni na fedha, na kila jina huandikwa kwenye daftari. Baba alipofariki, ukoo ulikaa kikao baada ya kuondoa matanga. Wapo waliotaka kaburi la vigae. Mama akasema, mwacheni alale kwenye udongo wake, fedha ya rambirambi iliyobaki ikanunue mashuka ya wodi alimouguzwa. Tukanunua. Sijaona heshima kubwa kuliko ile.

Nawafikiria pia wenzetu wakimbizi. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, Warundi walirudi kwao wakaacha makaburi ya wazazi na watoto wao. Katika kambi za Nyarugusu, inayohifadhi Wakongo tangu 1996, na Nduta kule Kibondo, nako wamezikwa wengi mbali na kwao. Hawa nani anawakumbuka? Parokia na misikiti yetu inapowaombea marehemu, iwataje na hao, na sadaka ya siku hiyo iwanunulie yatima sare na madaftari. Sisi Wakatoliki tunaweza kuanza Novemba hii, mwezi wa marehemu wote.