Reli haipiti kwetu, ndege hazikufika, na bili tunalipa sisi

Ukinunua chaja Bungoma leo, au tairi la bodaboda Kitale, umelipia reli. Si kwa kupenda. Tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa karibu kila kitu kinachoingia nchini kutoka nje. Ulianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo na sasa ni asilimia 2. Mwenye duka haumezi huo mzigo, anauweka kwa bei, na bei ni wewe.

Sasa cheki ramani. Serikali inataka SGR itoke Naivasha ifike Kisumu, kisha Malaba, na huo ushuru ndio unatumika kama dhamana ya kukopa pesa za ujenzi. Njia iliyochorwa inapita Narok, Bomet, Nyamira, Kisumu, halafu Yala, Mumias, hadi mpakani. Kilomita 262 kufika Kisumu na 107 nyingine kufika Malaba. Tafuta Webuye hapo. Tafuta mji wa Bungoma. Kitale usitafute, utaumiza macho bure.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika kwamba huu ni wivu wa kijiji, kila mtu anataka treni ipite kwa mlango wake. Sawa. Lakini sisi hatuombi kuanzishiwa reli. Reli tulikuwa nayo. Njia ya zamani ya kwenda Uganda ililetwa huku miaka ya 1920: Eldoret, Turbo, Webuye, Bungoma, Malaba, na 1931 ikafika Kampala. Pale Leseru likakatwa tawi la kilomita 65 hivi likafika Kitale 1926, kwa sababu wazungu wenye mashamba walitaka mahindi yao yafike Mombasa. Leo mahindi ya Trans Nzoia yanapanda lori. Lori likikwama kwa matope, gunia linapanda bei kabla halijaona lami.

Mjadala unaosikia mjini ni wa aina moja: serikali itumie pesa kwa reli au kwa jeshi? Bajeti ya Ulinzi ya 2025/26 ilifika karibu bilioni 200. Kwa hivyo kuna timu ya "punguzeni silaha mjenge reli" na timu ya "bila usalama hakuna reli". Timu zote mbili zinanichosha, kwa sababu hivi vitu viwili hununuliwa kwa mtindo mmoja. Mkataba unasainiwa, unafungiwa kabatini, wewe unaambiwa bei baada ya miaka, kama utaambiwa.

Anza na reli. Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa 31 Mei 2017 kwa bilioni 327, sehemu kubwa mkopo kutoka China. Miaka miwili baadaye ikasukumwa hadi Suswa kwa bilioni 150 nyingine, ikasimama hapo, katikati ya nyasi za Wamaasai, kwa sababu pesa za China za kuivusha hazikuja. Mikataba ya mkopo ilisainiwa 2014. Wakenya waliiona Novemba 2022, Kipchumba Murkomen alipokuwa Waziri wa Uchukuzi na akaamua kuitoa. Ndani tukakuta kipengele cha usiri, na kingine kinachosema mzozo ukitokea unaamuliwa Beijing. Kumbuka, treni ilikuwa ishabeba watu miaka mitano.

Na tusidanganyane kwamba hii ni treni ya kasi. Ile ya abiria inakimbia kilomita 120 kwa saa na inatumia dizeli. Majirani zetu Tanzania walianza safari za Dar hadi Dodoma 2024 kwa treni ya umeme ya kilomita 160 kwa saa. Wao pia wana madeni yao, siwapigii debe, lakini angalau stima inaonekana.

Sasa jeshi. Mwaka 2003 serikali iliagiza meli ya kivita, KNS Jasiri, kwa bilioni 4.1. Ilijengwa Uhispania na mkataba wake ukaingia kwa ile sakata ya Anglo Leasing. Meli ikakaa huko miaka, ikatia nanga Mombasa Agosti 2012. Mtoto aliyezaliwa siku ya kusaini alikuwa darasa la tatu.

Kisha ile ya 2017, ambayo mkulima wa Kitale angepaswa kuifuata kuliko mtu yeyote. Marekani iliidhinisha kutuuzia ndege 12 za Air Tractor kwa hadi dola milioni 418. Air Tractor, ukitaka kujua, asili yake ni ndege ya kunyunyizia dawa mashambani. Hizi zingefungwa silaha. Aliyepiga kelele hadi dunia ikasikia alikuwa mbunge wa Marekani, Ted Budd wa North Carolina, akisema kampuni ya jimboni kwake ingeuza ndege za kazi hiyo kwa bei ya chini zaidi. Huyo jamaa hakuwa anatupenda. Alikuwa anatafutia watu wake kazi. Lakini swali la bei, ambalo lingetoka Nairobi, lilitoka Washington. Ndege hazikufika, na dili ikafa kimyakimya.

Usinielewe vibaya kuhusu jeshi. Mtu wa Bungoma hawezi kuongea juu ya KDF kama kitu cha kwenye runinga. Waulize watu wa Cheptais na Kopsiro kuhusu Machi 2008. Kundi la SLDF lilikuwa limewatesa wananchi tangu 2006, likikata watu masikio na kufukuza familia mashambani. Jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha, wengine wakapumua, na wakati huohuo Human Rights Watch ikalilaumu jeshi kwa mateso na watu kupotea. Familia zingine mlimani bado zinasubiri jibu. Na upande wa pili kuna El Adde, Januari 2016, ambapo wanajeshi wetu waliuawa kambini Somalia na serikali ikakataa kusema ni wangapi. Kwa hivyo niliposikia serikali inanunua magari 118 yasiyopenya risasi kutoka Uturuki kwa kama bilioni 7.7, sikupinga. Askari anayepita kwa barabara iliyotegwa mabomu kule Lamu au Mandera ni mtoto wa mtu, na wengi ni wa rika letu, walikimbia mbio za usajili uwanjani tukiwaangalia. Gari zuri ni haki yake.

Kinachoniuma ni neno "siri". Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu vyombo vya usalama kununua vitu kwa njia ya siri. Kombora liko wapi, rada inaona umbali gani, hiyo funika. Lakini bei? Angalia Kanada. Nao wanabishana mambo hayahaya: waziri mkuu wao Mark Carney ameongeza pesa za jeshi, na wakati huohuo wanapanga treni ya kilomita 300 kwa saa kutoka Toronto hadi Quebec. Wameagiza ndege 88 za F-35. Juni 2025 mkaguzi wao mkuu wa hesabu alisimama hadharani akasema gharama imepanda kutoka dola za Kanada bilioni 19 hadi bilioni 27.7. Ni ndege ya siri kuliko zote angani, na mtu wa kawaida Toronto anajua bei imeruka kwa kiasi gani. Hakuna adui aliyeshinda vita kwa kusoma risiti.

Tukumbushane 2024. Vijana walivunja Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele, wakautafsiri kwa Sheng, kwa Kibukusu, kwa Kikalenjin, video za dakika moja. Ulisomwa kwa sababu ulichapishwa. Tarehe 25 Juni ndiyo ile siku jeshi liliitwa barabarani, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Sasa fikiria kama mswada ule ungekuwa na kipengele cha usiri kama mkataba wa SGR. Tungeandamania nini? Uvumi?

Na hapa kuna jambo ambalo timu zote mbili hazipendi kutaja. Kazi ya reli iliyotutoka kwa bei nafuu zaidi miaka hii ilifanywa na wanajeshi. Njia ya Nanyuki ilikuwa imelala miaka mingi. Reli zilikuwa zimefunikwa na udongo, vyuma vimeibwa, watu wamejenga vibanda juu yake. Mwaka 2020 wahandisi wa KDF wakaingia pamoja na NYS na Shirika la Reli, wakafufua njia ya kama kilomita 240 kutoka Nairobi, kwa takriban bilioni 1.8. Abiria wakapanda kabla mwaka kuisha. Baadaye wakaenda njia ya Nakuru hadi Kisumu.

Bilioni 1.8 kwa kilomita 240 ni kama milioni 7.5 kwa kilomita. SGR ya Mombasa, bilioni 327 kwa kilomita 480 hivi, ni karibu milioni 680. Ndiyo, kufufua si sawa na kujenga upya, na treni ya Nanyuki inatembea pole kama mzee anayetoka harusini. Najua. Lakini chukua bei ya Nanyuki uipeleke Leseru–Kitale, kilomita 65: inatoka chini ya nusu bilioni. Sema tawi letu limeoza zaidi, sema madaraja, sema fidia kwa waliojenga kando ya reli, zidisha mara nne. Bado ni nusu ya bei ya KNS Jasiri, na gunia la mahindi linapanda behewa Kitale bila kungoja Beijing ikubali.

Kwa nini basi kazi ya bei ndogo haizungumzwi kama ile kubwa? Mimi nina jibu langu: mradi wa nusu bilioni hauna mkopo wa kujadiliwa hotelini, hauna dhamana ya kuuzwa, na mtu yeyote wa Kiminini mwenye kikokotoo kwa simu anaweza kuukagua. Kama unalo jibu lingine, lilete tulipime.

Na kuna njia ya kulipima bila kungoja wanasiasa waje Kanduyi na Kwanza kutafuta kura Agosti 2027. Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma akiomba nakala ya kumbukumbu fulani. Huhitaji wakili, na huhitaji kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 kujibu, ikinyamaza unapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mimi ningeomba vitu viwili kwa Shirika la Reli: makadirio yoyote ya gharama za kufufua tawi la Leseru hadi Kitale, na rasimu ya mkataba wa Naivasha hadi Malaba. Ukurasa mmoja unatosha, na sheria inasema wazi kwamba barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.